Asali ya Mahari Iliyoganda Kibirichia

Shangazi Ciakuthii,

Nakuita shangazi kwa sababu gazeti linakuita hivyo, ingawa kwa umri huenda ukawa mdogo wangu wa mwisho. Sijawahi kuandikia gazeti, ukurasa wako mimi husoma tu nikingoja kunyolewa, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna anayeniongelesha isipokuwa mbwa, na hata yeye siku hizi ananiangalia vibaya, kwa hivyo naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni Marete, mkulima wa viazi hapa Kibirichia, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa mradi wa maji, mtu ambaye hajawahi kumnyima mwenzake haki. Binti yangu wa kwanza, Nkirote, ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale Nchiru karibu na hosteli za wanafunzi, na huko ndiko alikopatana na kijana anayeitwa Oscar Njuki, wa kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto na mbuzi, ambaye alimaliza masomo yake vizuri kisha badala ya kutafuta kazi ya ofisi Embu mjini kama watoto wa wenzake akarudi kwao kufuga nyuki. Nisikufiche, nilipoambiwa kufuga nilicheka, kwa sababu mimi najua kufuga ng'ombe na kuku, kitu ambacho ukikiita kinakuja, lakini mdudu anayeruka kwenda kula maua ya jirani halafu unasema ni mali yako, hiyo niliona ni kazi ya mtu aliyekata tamaa. Tena nikauliza kama ni haki mbele ya Mungu mdudu ahangaike msimu mzima halafu wewe uje umnyang'anye chakula chake, na Gladwell, mke wangu, akanikumbusha kwamba ng'ombe wetu pia ana ndama. Nikaachana na hilo.

Mwezi wa pili, kabla ya mvua, tulienda kwao kuona mahali binti anapelekwa. Kulikuwa kumekauka kabisa. Siwezi kusema uongo, tulikaribishwa vizuri, Muthoni, shangazi wa kijana, ambaye ndiye aliyemlea, alitupikia kuku, tukala, kisha kijana akatupeleka kuona mizinga yake, ile ya masanduku ya mbao iliyoning'inizwa kwa waya, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mawili jambo linalonifanya nikuandikie. Alikuwa amekoroga sukari na maji ndani ya beseni, sukari ya dukani, pakiti bado iko pale chini, na nyuki wanakunywa. Juu ya yale maji ameweka vijiti vidogo vidogo vinavyoelea, nikamuuliza ni vya nini, akasema ni vya nyuki kusimamia wasije wakazama. Nikamtazama Gladwell, Gladwell akanifinya, nikanyamaza. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu jeusi la kanisani na kofia, na nimejipaka marashi kidogo kwa sababu ni kwa wakwe, na katika watu wote tuliokuwa pale nyuki walinijia mimi peke yangu, nikawapunga na kofia, wakazidi, wakaniuma sikio na mdomo, na wewe unajua nyuki hawaumi mtu bure, wao hutambua penye jambo. Nilichukua hiyo kama ishara.

Nikiwa na mdomo umevimba hivyo hivyo nilimuuliza maswali ya kiume. Nilimuuliza mfalme wa nyuki yuko mzinga gani, akaniambia hakuna mfalme, kuna jike mmoja mkubwa, tena huyo haamuru mtu, kazi yake ni kutaga mayai tu, na wanaoendesha mambo ni wale vibarua, nao ni majike pia. Nikajiuliza ni boma la aina gani hili binti yangu analetwa. Kisha nikamuuliza anavuna vipi, kwa sababu babu yangu alikuwa anapanda mti na mwenge, anachoma, anakomba mzinga wote mpaka ubao, na nyuki wakirudi ni huruma ya Mungu, lakini huyu akasema yeye huwapulizia moshi kidogo tu wa kuwatuliza, na huwaachia masega kadhaa wale wao wenyewe. Moyoni nikasema huyu anaogopa nyuki, na mtu anayemwachia mdudu chakula sijui jirani atamwachia nini.

Sasa nije kwenye ruracio, ile siku ya kuleta mahari. Jina lako ni la upande wa Embu, ile Embu ya juu kwenye chai naamini, kwa hivyo huenda hujui kwamba kwetu sisi Wameru mahari inaweza kukosa vitu vingine vikangojewa, lakini asali haikosi. Na katika nyumba yetu, tangu kwa babu, mzazi wa msichana akishaionja ile asali basi ametoa binti, hakuna kurudi nyuma, na asipoionja hajamtoa, hata boma likijaa ng'ombe. Hiyo ndiyo saini yetu. Njuki aliileta mapema, mwezi wa sita, ndoo kubwa nyeupe yenye kifuniko, ili siku yenyewe wahangaike na mifugo peke yake. Nilifungua mbele yake, ilikuwa inatiririka vizuri, rangi ya chai isiyo na maziwa, na sikuionja kwa sababu ya hiyo desturi. Nikaiweka kwenye stoo ya mbegu za viazi, kwa kuwa ndicho chumba chenye kufuli, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine anao Gladwell, na ni chumba kizuri, kina giza, kina baridi, mbegu hazichipuki ovyo, ukiingia huko mwezi wa saba unaona pumzi yako mwenyewe.

Siku ya ruracio ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, wazee wamejifunika makoti, akina mama wanapika mukimo, wakwe wamefika wanatetemeka na mashati yao mepesi. Nikatoa ndoo, nikafungua mbele ya watu wote, na Shangazi, ilikuwa imeganda kuanzia juu hadi chini, nyeupe, punje punje, ukiinamisha ndoo haimwagiki, kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Lile beseni likanijia mbele ya macho. Nikasema kwa sauti kwamba hii ni sukari.

Lakini mimi si mtu wa kuhukumu bila uchunguzi. Mzee Gitobu alisema njiti ya kiberiti ukiichovya kwenye asali ya kweli bado itawaka, tukachovya, haikuwaka, tukajaribu njiti ambayo haijachovywa, nayo haikuwaka kwa sababu ya unyevu, tukaihesabu hiyo kuwa sare. Mzee Muthomi alisema asali ya kweli ukiitia kwenye glasi ya maji inazama nzima nzima, tukaitia, ikazama, nikasema hata jiwe linazama. Tukasema basi tungoje sisimizi, Gitobu akashikilia kwamba sisimizi hawagusi asali ya kweli, Muthomi akashikilia kwamba hugusa ya kweli peke yake, wakabishana mpaka chai ikapoa, lakini Kibirichia mwezi wa saba hutapata sisimizi wa kukuamulia kesi. Mwisho tukampa mbwa kwa kipande cha mkate, akala mkate, akaacha asali, wengine wakasema amekataa sukari na wengine wakasema amekataa asali, na mimi kama mwenye mbwa nikasema amekataa sukari.

Kijana hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, hii ni baridi tu imeishika. Ukiiweka kwa maji ya uvuguvugu itarudi vile ilikuwa." Nikamjibu mbele ya watu kwamba hata sukari ukiiweka kwa maji ya moto inayeyuka, watu wakacheka, na nakiri kwamba kile kicheko nilikifurahia. Nikatoa hukumu kwamba ndoo ibaki stoo kama ushahidi, walete nyingine ya kweli, na juu yake waongeze faini ya kondoo dume kwa kutaka kuniaibisha kwangu. Hapo Muthoni akasimama, akafunga lesso yake vizuri, akasema, "Sisi tumeitwa watu wa njaa miaka yote na tukazoea. Lakini wezi? Hiyo nyinyi ndio wa kwanza." Wakapakia kondoo zao kwenye gari bila kula mukimo, na Nkirote akapanda gari hilo hilo akaenda nao.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Ametuma ujumbe mmoja tu: "Dad, hakuna asali ingine inakuja. Mwisho wa mwezi nahamia kwa Njuki hivyo tu, bila ruracio, bila kanisa. Krismasi usiningoje." Na tangazo la ndoa yao limeshasomwa kanisani mara mbili, tena mara ya pili nililisoma mimi mwenyewe. Nitauambia ushirika nini? Lakini hata kama si ushirika, Shangazi, nampenda huyu mtoto. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa na mimi kwenye hiyo hiyo stoo tukichagua mbegu, anaweka kubwa huku na ndogo kule, anaimba, na sasa nikiingia humo namkosa sana.

Ninaingia mara nyingi, na hilo ndilo jambo lenyewe ambalo sijamwambia mtu. Baada ya wakwe kuondoka nilisema mwenyekiti hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua, nikaingia stoo na kijiko, Gladwell akiwa ameenda kukamua, nikapima kidogo kwa ncha. Nikaona bado sina uhakika. Siku iliyofuata nikapima kwa mkate. Kisha nikapima na viazi vitamu vya moto, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu sasa nimepima mpaka ndoo imefika nusu na uhakika bado sijaupata. Na kuna la ajabu zaidi, ile ndoo inashuka haraka kuliko kijiko changu, nafikiri hii sukari ya viwandani huwa inanywea kwenye baridi. Jumapili Gitobu aliniuliza kama ushahidi uko salama, nikasema uko salama.

Sasa naomba msaada wako. Ndoo iliyo nusu nitairudishaje kwa wenyewe? Nikiijazia na asali ya supamaketi ifike ukingoni, kuna ubaya? Na nitamrudisha vipi binti yangu nyumbani bila kuonekana mimi Marete nimeshindwa na mvulana wa nyuki?

Ni mimi baba mwenye uchungu, Marete, Kibirichia. Jina langu unaweza kulichapisha, sina la kuficha, ila ile sehemu ya kijiko uitoe.

*

Mzee Marete,

Sehemu ya kijiko sikuitoa. Bila kijiko barua yako haina maana, na nina hakika hata wewe ulijua hivyo ulipoiandika.

Kabla ya yote nikusahihishe kidogo. Mimi si wa Embu ya chai. Nilizaliwa huko huko chini kwenye joto na mbuzi, na ada yangu ya shule ilining'inia mitini ndani ya mizinga ya magogo ya baba yangu. Kwa hivyo nina upande wangu, na ukiyapima maneno yangu yapime ukijua hilo. Naona wewe ni hodari wa kupima.

Asali ya kweli huganda. Si zote, na si kwa kasi moja, inategemea maua ambayo nyuki waliyatembelea na baridi ya mahali ilipowekwa. Iliyotoka nchi ya joto ikitiririka inaweza kufika nchi ya ukungu ikawa ngumu, na haijapoteza kitu. Na wewe, katika Kibirichia nzima ambayo tayari ni baridi, uliitafutia chumba ambacho unaona pumzi yako. Ukaifungia humo kwa kufuli, ukaitoa baada ya majuma kadhaa, ukashangaa kwamba imeganda. Ungemfungia mkwe mwenyewe humo naye angetoka ameganda.

Nisikudanganye upande wa pili pia. Kuganda hakuthibitishi kwamba asali ni safi, kama vile kutiririka hakuthibitishi. Kiberiti hakithibitishi, glasi haithibitishi, sisimizi wa Gitobu na sisimizi wa Muthomi ni sisimizi wale wale na wanakula chochote kitamu. Mbwa mwacheni apumzike. Anayetaka uhakika hupeleka kwenye maabara, na asiyetaka safari ya maabara humketisha aliyevuna akamuuliza, kisha akafunga mdomo wake asikie jibu.

Hapo tunafika kwenye beseni. Kiangazi kikishika na maua yakaisha, nyuki hula akiba yao, na akiba ikiisha hufa au huhama. Anayewakorogea sukari wakati huo anawavusha njaa, na hakuna dhambi ndani yake. Dhambi ni kuwamiminia sukari wakati wa kujaza masega ya kuvuna, ukauza mchanganyiko huo kwa jina la asali. Hilo wapo wanaolifanya, na nisingewatetea hata wangekuwa ndugu zangu wa tumbo moja. Lakini kwa maneno yako mwenyewe beseni uliliona mwezi wa pili, kabla ya mvua, na ndoo ililetwa mwezi wa sita. Katikati mvua ilinyesha, miti ikachanua, nyuki wakafanya kazi. Je, Njuki alivuna ya maua au ya beseni? Mimi sijui. Wewe pia hujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi sijasimama mbele ya ukoo nikamwita mwizi. Ulikuwa na nafasi ya kumuuliza pale pale kando ya beseni, ukaacha kwa sababu ulifinywa.

Na kuhusu vijiti. Umeniandikia kuhusu vijiti ukitaka nicheke, na nimekusoma mara mbili nikitafuta pa kuchekea. Huyu ni kijana ambaye, katikati ya ukame, alikaa chini akawaza kwamba nyuki mmoja anaweza kuteleza akazama, akaenda akamtafutia mahali pa kusimama. Wewe ulikwenda Mbeere kuona binti yako atakaa na mtu wa namna gani. Uliona, Mzee. Uliona vizuri sana, halafu ukarudi nyumbani na habari ya pakiti ya sukari.

Kuumwa kwako nako si ishara. Ulikwenda kwenye mizinga na koti jeusi, na marashi, halafu ukapunga kofia, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba hayo matatu ndiyo nyuki wasiyoyapenda. Hawakusoma moyo wako. Wangeusoma wangekuuma zaidi. Hilo la mfalme kijana alikuambia sawasawa, na usihofu sana boma ambalo majike wanaendesha mambo, tutamfikia Gladwell muda si mrefu.

Swali lako zuri katika barua yote ni lile uliloliacha njiani, kama ni haki kumnyang'anya mdudu chakula chake. Gladwell alikujibu nusu. Nusu nyingine ni kwamba mwenye ng'ombe muungwana humwachia ndama. Babu yako alichoma, na baba yangu mimi alichoma pia, simfichi, nimeokota nyuki waliokufa chini ya mti nikiwa msichana mdogo nikidhani ndivyo kazi inavyofanywa. Mizinga yetu mingi ikabaki mitupu, na hatukuiita ukatili, tuliiita bahati mbaya. Wewe ukivuna viazi hukombi mpaka cha mwisho ukapeleka sokoni. Unatenga mbegu, unaifungia kwa kufuli, unaitengea chumba kizuri kuliko cha wageni. Njuki akiwaachia nyuki masega anafanya kazi yako ile ile, na wewe ukamwita mwoga.

Sasa Muthoni. Barua yako ilinichekesha mpaka nilipofika kwake, hapo nikaacha. Mwanamke aliyekupikia kuku katika mwezi ambao watu wa kwetu huhesabu kuku wao, ulimtoa kwako hajala, na jina la mwizi juu yake, kwa ushahidi wa mbwa. Kicheko ulichokifurahia ndicho unachokilipia sasa. Sikuonei huruma kwa hilo. Nakuonea huruma kwa ile stoo, na kwa mtoto aliyekuwa akiimba humo, na ndiyo maana nitakuambia la kufanya.

Usijaze ndoo. Ukiijazia asali ya supamaketi, wewe Marete utakuwa mtu wa kwanza katika habari hii yote ambaye kweli amechanganya asali. Iache nusu kama ilivyo. Teka kiasi ukatie kwenye chupa ya kioo, uiweke ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, maji ambayo kidole chako kinaweza kuyavumilia, yasichemke, maana ukiichemsha utaiharibu na utatafuta wa kumlaumu. Waite Gitobu na Muthomi wakae hapo waangalie mpaka itiririke. Ulichokisema vibaya mbele yao ukiseme vizuri mbele yao, na la kijiko uliseme pia, kabla hawajalisoma kwa kinyozi.

Kisha safari. Usimtume mtu, usipige simu, nenda mwenyewe na Gladwell mpaka Mbeere. Vaa shati jeupe, marashi yaache nyumbani. Chukua gunia la viazi vyako vizuri, na umchukue kondoo dume. Faini uliitaja wewe, na ulisema ni ya anayemwaibisha mwenzake nyumbani kwake, kwa hivyo tunajua ni ya nani. Ukifika usianze na Njuki. Anza na Muthoni, na usimweleze habari za baridi wala za stoo, mwambie tu ulikosea na unaomba radhi. Akikuweka uketi juani kwa muda mrefu kabla ya kukujibu, keti. Njuki umuulize habari ya beseni baadaye, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Unaogopa kuonekana umeshindwa. Mzee, umeshashindwa, na umeshindwa na kijiko. Uliniandikia kwamba katika nyumba yenu mzazi akiionja asali ametoa binti na hakuna kurudi nyuma. Wewe umeionja kwa mkate, umeionja kwa viazi vitamu, umeionja mpaka nusu ya ndoo. Halafu unasema inashuka haraka kuliko kijiko chako. Sukari hainywei kwenye baridi, Mzee Marete, na stoo yako ina funguo mbili. Wewe ukipima wakati yeye anakamua, yeye hupima wakati uko kwenye mradi wa maji. Kwa desturi yenu wenyewe, baba ametoa na mama ametoa, kila mmoja kwa kijiko chake, mkifichana kama watoto, na anayedhani hajatolewa ni Nkirote peke yake.

Kwa hiyo leo, kabla ya sufuria na kabla ya kondoo, mwite Gladwell stoo, aje na kijiko chake, naye atajua unachosema. Kaeni pale ulipokuwa ukikaa na mtoto mkichagua mbegu. Hapokei simu yako lakini ujumbe anausoma, hakuna mtoto asiyesoma. Usimweleze mengi. Mwandikie, "Nkirote, tumeonja. Ni asali." Halafu funika ndoo, binti mwenyewe bado hajaonja.

Ciakuthii